Mama ana sukari: je, embe tumfungie na wali tumpokonye?

Swali: Assalaam alaykum. Mimi niko Langoni, Amu (Lamu). Mamangu ana miaka 61. Presha anayo tangu zamani, na mwezi wa tisa alipimwa akaambiwa ana sukari. Asubuhi kabla ya kula ilisoma 9.4, akapewa vidonge vya metfomini. Tangu siku hiyo kila anayekuja kumjulia hali huacha sharti lake: embe sumu, wali sumu, ndizi sumu, ale sima ya mtama tu mchana na usiku. Jirani mmoja humletea maji ya birimbi anywe kila alfajiri, asema yanasafisha damu. Sasa msimu umeingia na mwembe wetu wa uani umezaa hata matawi yameinama. Mama hukaa barazani akiwatazama wajukuu wakila. Amekonda, na uso hauna raha. Mimi nilimwonea huruma nikawa nampa juisi ya embe bila kutia sukari, nikidhani ni nyepesi kuliko embe lenyewe. Nifanye nini? Na katika matunda na nafaka tulizonazo huku, zipi zina faida kweli?

Jibu: Wa alaykum salaam, mwanangu. Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara zote mbili nimekwama pale barazani. Nimefanya kazi ya lishe hapa Malindi zaidi ya miaka ishirini, na kisa kama chenu hukutana nacho kila msimu wa embe. Mtu akishaambiwa ana sukari, watu wake kwa mapenzi humwondolea chakula kimoja kimoja, mpaka abakiwe na sahani ya sima na unyonge. Na sukari yenyewe haishuki, kwa sababu kilichoipandisha hakikuguswa.

Nitakujibu yote uliyouliza, lakini kuna mawili hayangoji.

La kwanza ni maji ya birimbi. Yakome leo. Jirani yenu hana nia mbaya. Uchachu ule unaotia ganzi meno ndio unaowafanya watu waamini kwamba lazima kuna kitu unakisafisha. Sehemu kubwa ya uchachu huo ni asidi ya oksaliki. Mtu akinywa maji yaliyokamuliwa kwa birimbi nyingi, tena tumbo likiwa tupu, asidi hiyo huingia kwenye damu kwa wingi, ikafika kwenye figo, ikashikana na kalsiamu na kuganda vipande vidogo vikali kama chenga za chumvi ya mawe. Huko Kerala, kusini mwa Uhindi, ambako watu hunywa birimbi kwa kuamini kwamba hupunguza mafuta ya damu, madaktari waliandika mwaka 2013 kuhusu wagonjwa kumi walioharibika figo ghafla baada ya kunywa maji hayo. Wengi wao ilibidi damu yao isafishwe kwa mashine. Mamako ana sukari na ana presha, na maradhi hayo mawili ndiyo yanayotangulia kula figo. Hana figo za kufanyia majaribio. Birimbi mbili tatu zilizotiwa kwenye mchuzi wa samaki hazina neno. Mwambie jirani kwa upole azilete zitiwe achari, nanyi mtamrudishia chupa moja.

La pili ni juisi. Najua umefanya kwa huruma, na usijilaumu, kwani wengi wanaokuja kwangu hufanya vivyo hivyo. Lakini umemkataza kilicho bora ukampa kilicho kibaya zaidi.

Juzi, baada ya barua yako, nilichukua dodo moja la kadiri, nikalimenya, nikatoa kokwa, nikaiweka nyama peke yake kwenye mizani ya jikoni. Ilikuja gramu 210. Embe bivu lina sukari gramu 14 hivi katika kila gramu 100, kwa hiyo dodo lile lilikuwa na kama gramu 29, yaani vijiko saba vya chai. Nililila pande kwa pande. Lilinichukua dakika kumi na ushei, mikono ikichuruzika hadi kwenye viwiko, na nilipomaliza sikutamani jingine. Kisha nikasaga. Ili glasi yangu kubwa ijae ilinibidi nimenye maembe mawili na nusu, nikayachuja kama tunavyochuja tui, na zile kambakamba zikabaki kwenye chujio, donge la kujaza kiganja. Katika glasi mlikuwa na sukari ya vijiko kumi na tano na zaidi, bila kijiko hata kimoja kutoka dukani. Mtu mwenye kiu huimaliza glasi hiyo akiwa amesimama.

Zile kambakamba zilizotupwa ndizo zilizokuwa na kazi. Embe linapotafunwa, sukari yake inafika tumboni ikiwa imefungiwa ndani ya nyama na nyuzinyuzi. Sehemu ya nyuzinyuzi hizo huvimba kwa maji ikawa kama uji mzito unaoteleza, na sukari hupenya polepole kuingia kwenye damu. Kongosho la mamako, ambalo limechoka lakini halijafa, hupata nafasi ya kuifuata kwa insulini yake ndogo, ile inayoitoa sukari kwenye damu. Juisi haina kizuizi hicho, sukari hufika yote kwa mkupuo. Ndiyo maana Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2015, huihesabu sukari ya juisi kikapu kimoja na sukari ya kopo, na kushauri kwamba zote pamoja zisizidi sehemu moja ya kumi ya nguvu ya chakula cha siku nzima. Kwa mtu mzima hiyo ni kama gramu 50, ambazo glasi yangu ya juzi ilizipita peke yake. Sukari iliyo ndani ya tunda zima haimo kabisa kwenye hesabu hiyo.

Na si nadharia tu. Mwaka 2013 watafiti wa Marekani walitoa matokeo ya kuwafuatilia wahudumu wa afya zaidi ya 187,000 kwa miaka mingi: waliokula matunda mazima kwa wingi zaidi walipata kisukari kwa uchache, na waliokunywa juisi zaidi walipata kwa wingi. Mwaka 2017 ukatoka mwingine wa Uchina, wa watu karibu nusu milioni, na huo naupenda zaidi kwa sababu uliwatazama pia wale ambao kisukari wanacho tayari, kama mamako. Waliokula matunda mabichi zaidi ya siku tatu kwa wiki walikufa kwa uchache kuliko waliokuwa hawali au wakila kwa nadra, na maradhi ya macho, figo na mishipa yanayoletwa na sukari yaliwapata kwa uchache pia. Tafiti za namna hii haziwezi kuthibitisha kwamba tunda ndilo lililowaponya, kwani mla matunda huenda pia anatembea zaidi na kuvuta sigara kidogo. Lakini zinatosha kuizima ile kauli ya kwamba embe ni sumu.

Basi mamako ale embe. Kiasi chake ni shavu moja la dodo, au ngowe dogo, nyama ya kama gramu 100, mara moja kwa siku. Si pamoja na sahani ya wali, wala si mara tu baada ya chai ya maziwa yenye sukari. Wakati mzuri ni alasiri, na korosho chache pembeni, au mwisho wa mlo ambao wanga wake umepunguzwa ili embe lipate nafasi yake. Lisiive kupita kiasi hata likawa laini la kunyonya, maana kadiri linavyoiva ndivyo wanga unavyozidi kugeuka sukari. Kuhusu embe bichi la kuchovya kwenye chumvi na pilipili, sukari yake ni ndogo kweli, lakini chumvi ile si ya mtu wa presha. Pilipili na ndimu zinatosha.

Matunda mengine nitayapitia kwa haraka, kwa sababu ukishaelewa embe umeyaelewa karibu yote.

Pera ndilo ningelipa heshima ambalo hatulipi. Watoto hulila juu ya mti, wakubwa hulipita sokoni, na hali gramu 100 zake zina vitamini C mara nne ya chungwa na nyuzinyuzi gramu tano na kitu, mara tatu ya zile za embe. Alile na ganda lake na kokwa zake ndogo. Papai ni jepesi wa sukari na hulainisha choo. Tikiti maji watu huliogopa kwa utamu wake, kumbe karibu lote ni maji. Kipande cha kiganja hakimdhuru, sinia zima litamdhuru. Kanju, lile tunda linaloning'iniza korosho, lina vitamini C kushinda chungwa kwa mbali, na kule Hindi na Mpeketoni, kwenu Lamu, ninaona huachwa likioza chini ya mikanju. Zambarau zilizoiva ni tunda zuri. Unga wa kokwa zake unaouzwa kama dawa ya sukari haujathibitishwa kwa binadamu kiasi cha kumwachisha mtu kidonge chake. Ubuyu mweupe kama ulivyotoka kwenye kibuyu una nyuzinyuzi nyingi sana, lakini ule mwekundu wa pakiti uliopikwa kwa sukari na rangi ni peremende. Ukwaju vivyo hivyo: utie kwenye mchuzi, kwenye mbaazi, kwenye uji, ila maji ya ukwaju ya mtungi hayanyweki bila sukari nyingi, na anayeyauza analijua hilo.

Ndizi na tende zinahitaji maneno zaidi, kwa sababu zina mambo mawili yanayovutana.

Ndizi mbivu ina wanga gramu 23 katika gramu 100, kwa hiyo ndizi moja ndogo kwa siku inatosha, tena iliyoiva juu juu, ganda likiwa bado lina ukijani kwenye ncha. Tende kavu ni sukari kwa zaidi ya nusu ya uzito wake. Tende tatu ndogo zinakaribia gramu 15 za sukari, na moja ya zile kubwa za kifahari hufikia hapo peke yake. Upande wa pili, vyote viwili vina potasiamu nyingi, madini ambayo husaidia figo kuitoa chumvi na kuilegeza mishipa. Kwa presha ya mamako hilo ni jambo kubwa. Mwaka 1997 ulichapishwa utafiti wa Marekani ambamo watu walipewa chakula chenye matunda mengi, mboga nyingi na maziwa yasiyo na mafuta mengi, chumvi ikiachwa vilevile. Waliokuwa na presha, tarakimu yao ya juu ilishuka kwa 11 hivi, kiasi ambacho vidonge vingine hukifikia kwa taabu. Dafu pia lina potasiamu kwa wingi, na sukari yake ni gramu kumi hadi ishirini kwa dafu zima, kulingana na ukubwa na ukomavu.

Lakini potasiamu ni nzuri kwa mwenye figo zinazofanya kazi. Figo zikiwa zimepungua nguvu, au akiwa anatumia dawa za presha kama enalapirili, losatani au spironolaktoni, potasiamu hubaki mwilini na ikizidi huvuruga mapigo ya moyo. Kwa hiyo, kabla hujamwekea madafu na tende za kila siku, mpeleke apimwe damu ya figo. Kwa hayo maji ya birimbi aliyokwisha kunywa, kipimo hicho kinamlazimu wiki hii. Na uwaambie waziwazi alichokuwa akinywa.

Tunda moja liulizie kabla ya kumpa, nalo ni balungi. Si kwa sababu ya sukari, bali kwa kuwa lina kitu kinachozuia utumbo na ini visivunje baadhi ya dawa, na dawa ikabaki kwenye damu kupita kiwango. Nifedipini ya presha ni mojawapo, na simvastatini ya mafuta ya damu. Chukua vidonge vyake vyote, na pakiti zake, umwonyeshe mfamasia.

Sasa nafaka, na hapa nina mengi.

Mmempa mamako sima ya mtama kama kifungo, na inaniuma kwa sababu mtama haukuwa chakula cha wagonjwa. Nyanya yangu alikuwa na tanuri la mofa uani, chungu kikubwa kilichozungushiwa udongo. Alasiri aliwasha kuni ndani mpaka ukuta wake wa ndani ukaiva, akayafagia makaa upande, akachovya mkono kwenye maji na kubandika madonge ya unga wa mtama uliochachuka tangu usiku, moja moja, ukutani. Ulikuwa mkono wenye haraka, unaingia na kutoka kabla joto halijaushika. Mkate ulitoka mnene, wenye chembechembe, na uchachu wa mbali, ukaliwa na mchuzi wa papa. Mmoja ulishibisha mtu mzima. Hapa Malindi, katika karne ya 19, mashamba yalijaza majahazi mtama na simsim kwenda Arabuni, na ni haki kutaja kwamba waliolima walikuwa watumwa. Pwani hii ililishwa na mtama muda mrefu kabla ya unga mweupe wa ngano.

Faida ya mtama haimo katika kuwa na wanga mchache, na hapo ndipo majirani zenu walipokosea. Gramu 100 za mchele mkavu zina wanga gramu 80 hivi, za unga wa mahindi kama 76, za mtama kama 72. Tofauti ni ndogo kiasi kwamba bonge kubwa la sima ya mtama hupandisha sukari kushinda sahani ndogo ya wali. Tofauti ya kweli imo kwenye ganda na kiini cha punje. Mchele mweupe umebaki na nyuzinyuzi gramu moja na kitu, mtama uliosagwa mzima una zaidi ya sita. Tena protini ya mtama, ikipikwa, hujifunga kuuzunguka wanga na kufanya usivunjike upesi. Mamako anahitaji gramu 25 za nyuzinyuzi kwa siku kwa kipimo cha Shirika la Afya Duniani, na kwa mikate myeupe na wali mtupu hazifikii hata kwa nia njema.

Ganda la nafaka lina kisa ambacho huwasimulia wote wanaolidharau. Mwishoni mwa karne ya 19 daktari Mholanzi, Christiaan Eijkman, alikuwa Batavia, mji ambao leo ni Jakarta, akitafuta chanzo cha beriberi, maradhi yaliyokuwa yakiwapooza watu miguu na kuwasimamisha moyo. Kuku wa maabara yake wakaanza kupepesuka miguu vilevile. Baadaye, ghafla, wakapona wote. Alipochunguza akagundua kwamba walikuwa wakilishwa mabaki ya wali mweupe kutoka jiko la hospitali ya jeshi, kisha akaja mpishi mpya aliyekataa mchele wa jeshi kupewa kuku wa raia, wakarudishiwa mchele wenye ganda lake. Kilichokuwa kikitupwa kinuni ndicho kilichokuwa dawa. Leo tunakiita vitamini B1, na Eijkman alipewa tuzo ya Nobel mwaka 1929.

Kwa hiyo mtama, ndiyo, lakini uliosagwa mzima, unga usiwe laini kama poda, na kiasi cha ngumi yake moja, sana moja na nusu. Kama anaweza kuupata kwa sura ya mofa badala ya sima, ninaamini ataula kwa hamu. Asichoshwe nao kila siku. Wimbi una kalsiamu nyingi kuliko nafaka zote tunazozijua hapa, karibu mara tatu ya maziwa ukilinganisha unga mkavu na maziwa kwa uzito, na mwanamke wa miaka 61 mifupa yake inaihitaji. Mwili hauichukui yote, kwa sababu kwenye ganda la nafaka mna kitu kinachoyashikilia madini. Dawa yake ni ile ile ya nyanya zetu: loweka, otesha, au chachusha usiku mzima kabla ya kupika. Ukimaliza, kamulia ndimu au tia ukwaju kidogo. Vitamini C huyafungua madini ya chuma yaliyomo, na chai hufanya kinyume, kwa hiyo chai yake isubiri saa moja.

Uji, hata hivyo, usimpe mwepesi wa kunywa kwenye kikombe. Nafaka iliyosagwa laini sana, ikapikwa muda mrefu, ikazimuliwa na kutiwa sukari, imeshakuwa ndugu yake juisi. Uwe mzito wa kulia kijiko, bila sukari, na kidogo.

Mahindi nayo si haramu. Unga uliosagwa na ganda na kiini chake kwenye mashine ya mtaani una faida zaidi kuliko ule mweupe laini wa pakiti, ingawa wa pakiti, tangu sheria ya mwaka 2012, hutiwa vitamini na madini kiwandani. Ninachohofia kwenye mahindi ya magunia kwa hewa ya chumvichumvi na unyevu ya Amu ni ukungu. Mwaka 2004, huko Makueni na Kitui, watu 125 walikufa kwa sumukuvu iliyotokana na mahindi yaliyohifadhiwa bila kukauka. Kupika hakuiondoi. Mahindi, mtama au njugu zikinuka uvundo au zikiwa na doa la kijani, zisichambuliwe wala zisipewe kuku, zitupwe. Nunueni kidogo kidogo, mkihifadhi kwenye ndoo kavu yenye kifuniko cha kubana.

Na wali. Sijapata kumwona mtu wa Lamu aliyeacha wali akadumu nao huo uamuzi zaidi ya miezi miwili, na siwaombi tena. Kikombe kimoja cha chai cha wali ulioiva kina wanga gramu 45 hivi. Hicho ndicho kiasi chake, nacho kipakuliwe kwenye sahani yake mwenyewe, si kula sinia moja na wengine ambako hakuna ajuaye amekula ngapi. Najua sinia ni mapenzi. Mketi naye pamoja, mkono wake tu uwe na sahani yake. Nusu ya sahani hiyo ijae mchicha, bamia, kisamvu au kachumbari, robo samaki au kunde, robo iliyobaki ndiyo wali. Aanze na mboga na samaki, wali aumalizie. Kubadili mpangilio huo peke yake hupunguza kupanda kwa sukari baada ya kula, na hakugharimu senti. Akimaliza asilale. Atembee kutoka Langoni mpaka ufukoni na kurudi, taratibu.

Mahamri na mbaazi za nazi mnaweza kuendelea navyo asubuhi kama mtabadilisha hesabu: bakuli la mbaazi na hamri moja, badala ya hamri nne na kijiko cha mbaazi. Mbaazi ni nyuzinyuzi na protini, zimo upande wake. Tui liwe jepesi.

Ramadhani mutaniuliza, basi niseme sasa. Tende tatu ndogo na maji za kufuturia zinamtosha, ilimradi zisifuatwe na kaimati, uji wa sukari na juisi kwa mkupuo. Sukari ikishuka chini ya 3.9 afungue hata kama jua bado liko juu. Metfomini peke yake ni nadra kuishusha hivyo, lakini wakimwongezea glibenklamidi au insulini, hatari hiyo ipo. Na hapo ndipo juisi inapokuwa dawa: akitetemeka, akitoka jasho baridi, maneno yakimpotea, mpe nusu glasi haraka, mpime tena baada ya dakika kumi na tano.

Kukonda kwake usikuchukulie kama dalili njema. Huenda ni njaa na huzuni, huenda pia ni sukari iliyo juu ambayo mwili unaipoteza kwenye mkojo. Asubuhi kabla ya kula tunataka isome kati ya 4.4 na 7.2 kwa watu wengi wa hali yake. Akiwa bado yuko tisa, au anakojoa usiku mara nyingi na kiu haimwishi, mrudishe kwa daktari pamoja na kile kipimo cha figo.

Embe msingojee daktari. Kesho alasiri mpime sukari, kisha chuma moja la uani ambalo halijalainika sana, mkatie shavu moja, mpelekee barazani kwenye kisahani ale na wajukuu zake. Saa mbili baadaye mpime tena. Ikiwa chini ya 10, shavu hilo ni lake kila siku mpaka msimu uishe. Ikizidi, mpunguzie hadi nusu na muulize alikula nini mchana. Ziandike tarakimu zote mbili na uniletee.